Sahani Juu ya Ukuta

Sahani ilikuwa imerudi. Shemsa aliiona kupitia dirisha la jikoni kabla hata hajawasha birika: imekaa juu ya ukuta mfupi wa matofali unaotenga ua wake na ua wa jirani, imefunikwa kitambaa cha maua, na mvuke unachungulia pembeni kama mtoto anayejificha huku akitaka aonekane. Mvua nyembamba ya Birmingham, ile isiyonyesha wala isiyoacha, ilikuwa imeanza kukilowesha kitambaa. Kwa kawaida mtu akijiwa na chakula cha moto hushukuru. Shemsa alijishika kiuno, maana tumbo lilikwisha kuwa zito, akaitazama ile sahani kama anayemtazama mgeni mpendwa aliyefika siku ambayo chungu kimeinamishwa.

"Ya Rabi," alinong'ona. "Hata sijapumua."

Alitupia ushungi kichwani, akatoka, akaichukua kwa mikono miwili. Chini ya kitambaa mlikuwa na chapati zilizojazwa viazi na giligilani, juu yake kipande cha siagi kinachoyeyuka, na pembeni kijilima cha achari ya embe. Alikula moja pale pale amesimama, akilamba vidole. Na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote: chakula cha Bi Gurmit, jirani yake, kilikuwa kitamu. Kingekuwa kibaya, moyo ungepata pa kushika.

Sahani yenyewe ilikuwa ya Shemsa. Ilikuwa sahani ya bati iliyopakwa weupe, yenye ukingo wa buluu na waridi moja jekundu katikati, ya aina ambayo zamani ilijaa makabatini Unguja nzima. Mama yake, Bi Zainab, ndiye aliyeifutika baina ya kanga siku Shemsa alipofunga sanduku kumfuata mumewe Sparkhill, Birmingham. "Mama, huko sahani zipo," Shemsa alimwambia. Bi Zainab hakuinua hata uso. "Zipo za kulia. Hii ni ya kupelekea. Nyumba haianzi kwa kitanda, mwanangu, inaanza kwa jirani."

Ikawa Ramadhani ya kwanza. Shemsa alipika muhogo wa nazi, akapakua wa kwake na wa mumewe, kisha akabaki amesimama uani na sahani mkononi, hajui aanzie wapi. Kiingereza chake kilikuwa kizuri darasani na kibaya mdomoni. Mbele ya watu maneno yalimkimbia kama kuku waliofunguliwa tundu. Ndani ya basi aliweza kupitishwa vituo viwili kwa sababu tu aliona haya kubonyeza kengele. Siku hiyo upande wa pili wa ukuta palikuwa na mwanamke mzee, mnene kidogo, amevaa shalwari na sweta ya kiume, anaanua nguo. Shemsa aliinua sahani juu ya ukuta, akatamka maneno mawili aliyoyakariri jikoni: ni yako.

Mzee alifunua, akainamisha uso, akanusa. Alinusa muda mrefu. Alipouinua uso wake tena, macho yalikuwa yamejaa.

"Hii iko muhogo," alisema, kwa Kiswahili. "Muhogo ya nazi! Wewe natoka wapi?"

Shemsa nusura aiangushe sahani. "Zanzibar."

"Mimi Kisumu! Mimi nazaliwa Kisumu, baba yangu iko fundi ya reli!" Aligonga ukingo wa sahani kwa ukucha, ti ti ti. "Oh-ho! Na sahani hii! Mama yangu iko nayo sita. Miaka hamsini mimi hapana ona."

Kilikuwa Kiswahili kilichochongwa na jiko la Kipunjabi na soko la Kisumu, hakina habari na ngeli wala nyakati, na mwanzoni Shemsa alibana midomo asicheke. Baadaye alikizoea, na baadaye tena akakipenda. Katika mji ule ambako kila sentensi ilimtaka ajikaze kwanza, hapa palikuwa na mtu mmoja ambaye mbele yake yeye ndiye aliyekuwa msemaji hodari.

Siku ya pili sahani ilirudi na maandazi ya dengu yaliyokaangwa kwa samli. Shemsa akajibu kwa kaimati. Bi Gurmit akajibu kwa wali wa maziwa wenye zabibu. Nyama haikuingia katika biashara ile, kwani kila mmoja alijua bila kuambiwa kwamba bucha la mwenzake si lake. Lakini nje ya nyama dunia ni pana, na wote wawili walikuwa wapishi. Eid ikapita, majira ya joto yakapita, na sahani ikaendelea kuvuka ukuta, kwenda na kurudi, kila mara ikiwa nzito kidogo kuliko ilivyokuja. Maana sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo Shemsa hakufundishwa; alizaliwa akalikuta, kama alivyoikuta adhana. Na ukirudishiwa kizuri, nawe ukarudisha kilekile, ni kama uliyepewa mkono wa Eid ukatoa vidole viwili.

*

Kila Jumamosi, baada ya chai, Maulid, mumewe, alilishusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani yake kulikuwa na bahasha, na kila bahasha ina jina lake: Kodi, Moto, Nauli, Chakula, Nyumbani, Mama. Moto ndiyo iliyolipa gesi na umeme, iliyolisha ile mita iliyo chini ya ngazi, ambayo Maulid aliiita luku na kuisalimu asubuhi kama askari anayemsalimu mkubwa wake. Nyumbani ilikuwa ya kupeleka kwao. Alifanya kazi ya kupakia mizigo katika ghala moja upande wa Longbridge, pale kilipokuwapo zamani kiwanda cha magari, na alikuwa mtu wa maneno ya mzaha na hesabu za kweli.

"Mwaka huu kila kitu kimepanda," alipenda kusema, "isipokuwa mabega yangu."

Shemsa naye alikuwa ameujua mji kwa njia ya bei. Aliyajua maduka ya Stratford Road ambayo jioni huuza bakuli zima la nyanya kwa pauni moja, na yale yanayoficha zilizooza chini. Alijua kupika maharage mara moja kwa siku mbili, kuoga haraka, kukaa na blanketi mapajani badala ya kuwasha hita mapema. Hayo hayakumuumiza. Kubana matumizi wawili mkipendana ni mchezo kama bao. Kuna raha yake katika kete iliyookolewa.

Lakini bahasha ya mwisho haikuwa mchezo. Mtoto alitarajiwa Januari. Na mwanamke wa kwao akijifungua, hukaa arobaini: mama yake humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo, humpikia mchuzi wa pilipili manga, humpokea mtoto alfajiri ili mzazi alale. Shemsa, aliyeweza kuishi bila mengi, hakuweza kujiona akiwa peke yake katika siku zile, Maulid yuko kazini, mvua iko dirishani, na mtoto analia kwa lugha ambayo yeye haijui. Alitaka mama yake aje. Viza ilikuwa na bei yake na tiketi bei yake, na Maulid aliulizia: tiketi ikatwe kabla Novemba haijaisha, kwani Desemba hupanda kama homa.

Jumamosi hiyo ya chapati za viazi, Maulid aliipima bahasha ya Mama kiganjani, akaipima tena.

"Shemsa," alisema taratibu. "Hii bahasha ya mama mkwe imefunga Ramadhani peke yake?"

Shemsa alikuwa anasokota pindo la kanga. "Nimechukua kidogo."

"Kidogo?"

"Iliki, Maulid. Na tui la nazi. Na mayai ya mkate wa kumimina. Halafu lozi zilikuwa zimeshuka bei..."

"Lozi? Mimi sijaona lozi nyumba hii toka tuoane!"

"Zilikwenda ng'ambo," alisema, akaelekeza kidevu ukutani.

Maulid alimtazama, akatazama dirisha, kisha akaanza kucheka mpaka akashika meza. "Subhanallah! Yaani mimi nabeba makreti Longbridge ili wewe na Bi Gurmit mshindane? Nyinyi mtalishana mpaka mfilisike, halafu mtakaa uani mkipongezana!"

"Usicheke."

"Sicheki, naogopa." Alimshika mkono. "Basi usimrudishie. Sahani ikija, ioshe, irudishe. Jirani ni mtu, ataelewa."

"Tupu?" Shemsa aliuchomoa mkono. "Tupu, Maulid? Mimi nimelelewa na Bi Zainab au nimeokotwa?"

Maulid alizipanga bahasha koponi, ya Mama akaiweka juu kabisa, nyembamba kama ulimi wa mgonjwa, na Shemsa akajua kwamba hapo mzaha umekwisha.

Mchana alimpigia mama yake simu. Hakukusudia kusema lolote. Alitaka kuisikia sauti. Bi Zainab alikuwa amekaa barazani na nyuma yake alisikika muuza samaki akipita. Aliuliza habari za tumbo, za miguu kuvimba, za baridi, kisha kama kawaida yake akauliza: "Na jirani yako wa Kisumu? Bado mnapelekeana?"

"Bado, Mama."

"Alhamdulillahi. Hapo roho yangu inatulia. Nikija nisije, najua una mtu." Akashusha sauti, kana kwamba anatoa siri ya ukoo. "Lakini sahani isirudi tupu, mwanangu. Sahani tupu ni sawa na kumfungia mtu mlango usoni."

Shemsa aliweka simu, akakaa juu ya ngazi karibu na ile mita. Namba zake nyekundu zilikuwa zinapungua kimyakimya. Ili mama aje, ilimpasa avunje neno la mama. Aliligeuza jambo hilo huku na huku, akitafuta mlango wa nyuma, asiupate.

*

Alilifanya mchana kweupe, kwa sababu gizani angejiona mwizi. Aliiosha sahani kwa maji ya moto, akaikausha, akalipangusa tena ua la waridi kwa ncha ya kitambaa, kana kwamba usafi ungeweza kujaza mahali pa chakula. Akaiweka juu ya ukuta. Akakimbilia ndani, akasimama nyuma ya pazia, moyo unamdunda mpaka mtoto akageuka tumboni.

Bi Gurmit alitoka. Aliikaribia sahani akitabasamu, akanyoosha mkono kwenye kitambaa ambacho hakikuwapo. Akasimama. Akaiinua, akaitazama ndani, akaigeuza, akatazama chini yake. Kisha akaingia nayo ndani, polepole, na mlango ukafungwa.

Hakutoka tena.

Siku hiyo ikapita, na nyingine, na nyingine. Ukuta ulikaa uchi. Shemsa hakuwahi kudhani kwamba matofali matupu yanaweza kumsimanga mtu, lakini haya yalimsimanga kila alipoinua macho kwenye sufuria. Bahasha ya Mama ilianza kunenepa kidogo, na unene wake haukumpa raha. Alipokwenda dukani alipita mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya mlango wa jirani. Alitunga kichwani maelezo, akayafuta. Kumwambia mtu kwamba huna, ni aibu. Kumwacha afikiri kwamba humtaki, ni dhambi. Na yeye, kwa haya zake, alikuwa amechagua dhambi.

Ndipo alipogundua jambo lililomfanya aweke mwiko chini. Dirisha la jikoni la Bi Gurmit, ambalo kila asubuhi huwa na ukungu wa mapishi, lilikuwa kavu. Kavu jana, kavu leo. Hapakuwa na harufu ya kitunguu wala mlio wa redio yake ya nyimbo. Mwanamke mzee, peke yake, na baridi imeingia.

Shemsa hakujua alivaa viatu saa ngapi. Alijikuta mbele ya mlango wa mbele wa jirani, ambao hakuwahi kuubisha, kwa kuwa urafiki wao wote ulikuwa wa uani. Akabisha, yeye ambaye kengele ya basi humshinda. Akabisha tena kwa kiganja kizima.

"Nani iko?"

"Mimi, Bi Gurmit! Shemsa!"

Mnyororo ulilia, mlango ukafunguka. Bi Gurmit alikuwa amevaa koti zito, shali mbili, na soksi za sufu juu ya soksi. Alikuwa mzima. Lakini nyumba iliyokuwa nyuma yake ilipumua ubaridi uliokaa, ubaridi wa mpangaji mwenye funguo zake.

"Kuja, kuja ndani, beti." Beti ndivyo alivyomwita siku zote, yaani binti. "Hapana angalia nyumba, iko baridi."

"Unaumwa?"

"Hapana umwa. Mimi napumzika."

Walikaa jikoni. Juu ya meza palikuwa na kikombe cha chai, mkate wa kukata, na sahani ya bati, safi, imesimamishwa ukutani kama picha. Shemsa aliiona, na maneno yote aliyoyatunga yakatoka kwa mkupuo, hayana mpango: kwamba anaomba radhi, kwamba si dharau, kwamba kuna bahasha, kwamba mama yake, kwamba arobaini, kwamba lozi. Alipofika kwenye lozi akaanza kulia.

Bi Gurmit alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Shemsa akaogopa kwamba naye amemliza. Kumbe anacheka.

"Siku ile," alisema, akijipangusa macho kwa shali, "mimi nachukua sahani. Naangalia juu, hapana kitu. Nageuza, naangalia chini. Nasema, labda chakula imeshika chini!" Alipiga meza. "Halafu mimi nakaa hapa nacheka peke yangu kama kichaa. Nasema, asante Mungu! Huyu msichana mwisho imechoka!"

Shemsa alikodoa macho. "Hukukasirika?"

"Kasirika nini? Mimi nachoka toka Eid! Lakini nani ataanza? Wewe naleta ile mkate ya kumimina, laini kama shavu ya mtoto, mimi nasema, sasa Gurmit, utafanya nini? Naweka samli. Wewe naleta nyingine, mimi naweka lozi. Lozi iko bei gani, wewe najua?"

"Najua," alisema Shemsa kwa sauti ndogo.

"Siku naweka lozi, siku ile mimi hapana washa hita. Nakaa na koti. Nasema haidhuru, msichana iko na mimba, wacha ale."

Shemsa aliitazama ile shali juu ya shali. Alikumbuka wali wa maziwa, chapati za viazi, halua ya karoti. Alikuwa amekula joto la mwanamke huyu, kijiko kwa kijiko, na kumrudishia tiketi ya mama yake.

"Sasa kwa nini hukuniambia, Bi Gurmit?"

"Kwa nini wewe hapana ambia mimi?" Mzee alinyoosha kidole kwenye sahani. "Mama yangu Kisumu nasema, sahani ya jirani ukirudisha tupu, hata tumbili atakushinda adabu. Basi mimi naogopa mama yangu. Yeye nakufa zamani, mimi bado naogopa."

"Wangu yuko hai," alisema Shemsa, "na bado namwogopa."

Wakacheka pamoja, mvuke wa pumzi zao ukionekana hewani ndani ya nyumba. Mama wawili ambao hawakuwahi kuonana, mmoja wa Unguja na mmoja wa Kisumu, walikuwa wamewafunga mabinti zao kamba moja na kuwaacha wavutane.

"Na baada ya hapo, mbona hukutoka uani tena?" Shemsa aliuliza.

"Mimi naona haya. Nikitoka, wewe utafikiri nataka chakula. Nikileta kitu, wewe utaanza tena. Bora nakaa ndani, nakula mkate." Bi Gurmit alishusha pumzi. "Kijana yangu iko Melbourne, napiga simu kila Jumapili. Nasema, Mama, washa hita chumba moja tu, kaa pale. Yeye pia huko nahesabu, kodi, umeme, shule ya watoto, nahesabu mpaka nywele kwisha. Dunia yote nahesabu, beti. Mimi na wewe tu napelekeana lozi."

Alikuwa anaitazama sahani, na Shemsa akaona uso wake ukibadilika, kama wa mpishi aliyekumbuka kiungo.

"Wewe leo napika nini?"

"Maharage."

"Gesi kiasi gani? Saa nzima. Na mimi hapa nawasha nyingine napika dengu, saa nzima. Moto mbili, wanawake wawili, sufuria mbili ndogo. Hii iko akili?"

*

Tangu siku hiyo pakawa na moto mmoja. Leo kwa Shemsa, kesho kwa Bi Gurmit, na hita ya nyumba isiyopika hulala. Sahani ikabaki ukutani, na ikapewa kazi mpya: aliyewasha jiko huiweka juu ya matofali, safi, haina kitu ndani yake, na mwenzake akiiona huvaa koti na kuvuka. Siku za mwanzo Shemsa alikuwa akiiweka na kugeuza uso haraka, kwa kuwa jicho lake bado lilisoma tusi pale palipoandikwa mwaliko. Kidogo kidogo likajifunza. Ikawa akiamka na kuiona sahani upande wa pili, nyeupe, imetulia, na tone la mvua likikimbia juu ya waridi, husikia kitu kinamlegea kifuani.

Haikuwa peponi. Waligombana juu ya chumvi, juu ya nani ameunguza kitunguu, juu ya tui la nazi ambalo Bi Gurmit alilitaka katika kila kitu sasa, hata mahali lisipofaa. Maulid, akitoka kazini, hakujua agonge mlango upi apate chakula chake. "Zamani nilikuwa na mke mmoja na sahani inayotembea," alilalama. "Sasa sahani imetulia na mke ndiye anayetembea." Lakini Jumamosi, akishusha kopo, aliipima bahasha ya Moto, akaipima ya Chakula, akapunguza huku na kujazia kule, akapiga mluzi. Tiketi ilikatwa wiki ya mwisho ya Novemba.

Viza ndiyo iliyochelewa. Januari ikafika, na mtoto hakungoja karatasi za mtu. Alizaliwa msichana, wakamwita Asmahan, na nusu ya kwanza ya arobaini ilisimamiwa na mwanamke wa Kisumu aliyekanda tumbo la mzazi kwa mafuta ya haradali, akamlisha unga uliokaangwa kwa samli na lozi, akisema, "Lozi hii iko halali, hapana rudisha," na kumbembeleza mtoto kwa Kipunjabi. Kila jioni Bi Zainab aliuliza kwa simu, "Nani anakupokea mtoto alfajiri?" na Shemsa akajibu, "Yupo, Mama. Yupo."

Bi Zainab alifika Februari, usiku, amevaa koti la Maulid juu ya kanga mbili, akanusa shingo ya mjukuu wake na kulala bila kula. Asubuhi Shemsa alimkuta amesimama mbele ya dirisha la jikoni, mtoto begani, anatazama nje kwa kimya ambacho Shemsa alikijua tangu utotoni.

"Shemsa."

"Labeka, Mama."

"Ile si sahani yangu?"

"Ni yako."

"Naona imerudi." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Naona imerudi tupu."

"Ndiyo, Mama."

Bi Zainab aligeuka. Usoni mwake mlikuwa na huzuni ya kweli, huzuni ya mtu aliyesafiri mbali sana kuja kukuta binti yake hana jirani. "Umemkosea nini, mwanangu?"

Shemsa alifungua kinywa aeleze: bahasha, gesi, koti ndani ya nyumba, mkate wa kukata, kicheko. Akaona ni maneno mengi kwa asubuhi moja. Akamchukua mtoto, akamfunika vizuri, akamtundikia mama yake koti mabegani.

"Vaa viatu, Mama. Twende."

"Wapi, na hata chai sijanywa?"

"Ndiyo huko kwenye chai."

Walitoka uani. Mvua ilikuwa ile ile. Shemsa alitangulia kwenye pengo la mwisho wa ukuta, pale walipoondoa matofali machache ili mimba ipite, akasikia nyayo za mama yake zimesita nyuma. Akageuka. Bi Zainab alikuwa amesimama mbele ya sahani. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtoto mbele ya kopo la sukari. Kisha akafungua fundo la pembe ya kanga yake, akatoa kipande cha halua kilichofungwa kwenye karatasi, halua ya nyumbani, nyekundu, yenye kung'aa, akakiweka katikati ya waridi na kukikinga mvua kwa kiganja.

Shemsa hakumkataza.

Dirisha la upande wa pili, lenye ukungu mzito wa mapishi, lilifunguliwa kwa kishindo.

"Oh-ho!" sauti ilipaa juu ya ukuta. "Nani huyo naanza tena?"

Na Shemsa akacheka, akacheka mpaka Asmahan akafungua macho.